Padri Aliyekataa Kuchagua

Wanachuo wenzangu, neno mfumuko likitajwa hapa chuoni kila mtu anafikiria bei. Wali maharage umepanda, nauli imepanda, bumu limebaki palepale. Leo naomba tuzungumzie mfumuko mwingine kabisa, mfumuko wa ulimwengu wenyewe, na mzee mmoja aliyefungua mlango wa kuufikiria. Jina lake ni Georges Lemaître. Alikuwa Mbelgiji, alikuwa mwanafizikia, na alikuwa padri wa Kikatoliki. Alifariki mwaka 1966, yaani kabla hata wazazi wa wengi wetu hawajazaliwa.

Kwa nini yeye? Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari jijini Mwanza. Mimi ni wa Igogo, kule mlimani ambako nyumba zimebanana katikati ya mawe makubwa na chini unaliona ziwa. Darasani kwangu kidato cha pili kulikuwa na binti mmoja, naye wa Igogo, hodari wa hesabu kuliko mimi nilivyokuwa kwenye umri wake. Siku moja kipindi kilipoisha alinifuata nje. Alikuwa ameona kwenye simu ya kaka yake video inayosema ulimwengu ulianza kwa mlipuko, na kwamba huenda malimwengu ni mengi, hivyo Mungu hana kazi. Kisha mtu anayemheshimu alimwambia kuwa anayeamini mambo hayo amekwisha kumwacha Mungu. Basi alitaka kujua kama akifika kidato cha tatu aachane na fizikia.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia asiwaze sana, aandike mtihani unachotaka, mengine atajua mwenyewe. Aliitikia kwa heshima na kuondoka, na nilijua palepale kwamba sikumsaidia. Nilirudi chuoni nikaanza kusoma habari za Lemaître, na haya ndiyo ningepaswa kumsimulia.

Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 katika mji wa Charleroi, mji wa makaa ya mawe na viwanda. Alisoma kwa Wajesuiti, na tangu kijana alitaka mambo mawili kwa pamoja: kuwa padri na kuwa mtu wa sayansi. Mwaka 1910 familia ilihamia Brussels baada ya biashara ya baba kuharibika, na mwaka uliofuata kijana akaingia Chuo Kikuu cha Louvain kusomea uhandisi. Mpaka hapo ni maisha ya kawaida ya mwanachuo yeyote anayesoma kitu ambacho nyumbani wanaona kina ajira.

Agosti 1914 Ujerumani ikaivamia Ubelgiji. Lemaître alikuwa na miaka 20. Aliacha masomo akajiandikisha jeshini kwa hiari, akapigana vita vyote kwa miaka minne, mwanzo kwa miguu na baadaye kwenye kikosi cha mizinga. Tusifikiri vita hivyo vilikuwa vya huko kwao tu. Julai 1916 Waingereza waliwatoa Wajerumani hapa Mwanza, na Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, lililojaa askari Waafrika, likaingia Tabora. Babu zetu walibebeshwa mizigo ya vita ambavyo hawakuvianzisha. Wakati huo Lemaître alikuwa kwenye mahandaki ya Ubelgiji, na mizinga ikitulia alisoma vitabu vya fizikia. Alirudi na nishani ya ushujaa, lakini uhandisi hakuurudia. Akahamia hisabati na fizikia, akapata udaktari mwaka 1920, kisha akaingia seminari. Huko aliomba ruhusa ya kusoma kitu kilichokuwa kipya mno, nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein, na wakubwa wake wakamruhusu. Septemba 1923 alipewa upadri. Mwezi uleule wengine wangetumwa parokiani, yeye alikuwa anajiandaa kwenda Cambridge, Uingereza.

Cambridge alisoma chini ya Arthur Eddington, mwanafalaki aliyepima mwaka 1919, jua lilipopatwa, kwamba mwanga wa nyota hupinda ukipita karibu na jua. Kisha akavuka kwenda Marekani, akafanya kazi na Harlow Shapley kwenye kituo cha nyota cha Harvard. Huko alikuta swali linalowasumbua wapimaji. Kuna mawingu hafifu ya mwanga angani ambayo sasa tunayaita galaksi. Mmarekani Vesto Slipher alikuwa amepima mwanga wa mengi kati ya hayo akagundua kuwa karibu yote yanatukimbia. Kwa nini yatukimbie? Tumeyakosea nini?

Lemaître alirudi Louvain kufundisha mwaka 1925, na mwaka 1927 akachapisha jibu. Galaksi hazitukimbii. Ni nafasi yenyewe iliyo katikati yetu na hizo galaksi inayotanuka. Mtu wa Igogo anaweza kuliona hili kwa wavu wa dagaa. Chukua wavu uliokunjamana, watu wauvute taratibu kutoka pande zote. Kila fundo linaachana na kila fundo. Ukikaa kwenye fundo lolote utaona wenzako wote wanakuacha, na aliye mbali zaidi anakuacha kwa kasi zaidi, kwa sababu kati yako na yeye kuna wavu mwingi unaofunguka. Hakuna fundo lililo katikati, na hakuna fundo lililotembea.

Hakuishia kwenye mfano. Alichukua vipimo vya kasi na umbali vilivyokuwepo akakokotoa jinsi mtanuko unavyokwenda: kama kilomita 625 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Leo tunajua namba hiyo ni kubwa mno, vipimo vya sasa viko karibu na 70, maana umbali wa galaksi ulikuwa umepimwa vibaya enzi hizo. Lakini sheria aliyoitumia ndiyo ileile tunayotumia sasa. Ni haki pia kumtaja Mrusi Alexander Friedmann, ambaye mwaka 1922 alikuwa amepata kwa hesabu ulimwengu usiotulia. Lemaître hakujua kazi hiyo. Tofauti yao ni kwamba Lemaître aliunganisha hesabu na vipimo vya mbinguni.

Tatizo ni kwamba aliandika kwa Kifaransa, kwenye jarida la chama cha sayansi cha Brussels ambalo wakubwa wa dunia hawakulisoma. Hata Eddington, mwalimu wake, hakuitilia maanani kazi ile. Mwaka huohuo wa 1927 Einstein alikuja Brussels kwenye mkutano, Lemaître akapata nafasi ya kuzungumza naye. Einstein alikubali kuwa hesabu ziko sawa, lakini akamwambia wazi kwamba fizikia yake inachukiza. Hebu jiweke pale. Una miaka 33, umevaa kanzu ya padri, na mwanafizikia maarufu kuliko wote duniani, ambaye milinganyo unayotumia ni yake, anakwambia hujui unachosema. Wangapi kati yetu wangeifuta ile karatasi usiku uleule? Sisi ambao sapu moja tu inatufanya tufikirie kuhama kozi?

Lemaître hakuifuta. Mwaka 1929 Edwin Hubble, kule California, alichapisha vipimo vilivyoonyesha wazi kuwa galaksi ikiwa mbali zaidi inakwenda kasi zaidi. Watu wakaanza kutafuta maelezo. Lemaître akamkumbusha Eddington kwamba maelezo yapo, yamelala kwenye lile jarida. Eddington aliona haya, na hapo akaanza kuitangaza kazi ya mwanafunzi wake. Mwaka 1931 ilitoka tafsiri ya Kiingereza, lakini ile sehemu yenye namba ya mtanuko haikuwemo. Kwa miaka mingi watu walishuku kuwa kuna mkono uliokata ili sifa zimwendee Hubble. Mwaka 2011 ikapatikana barua ikionyesha kuwa aliyeiacha sehemu hiyo ni Lemaître mwenyewe, kwa sababu aliona vipimo vipya vimeshapatikana na hakukuwa na haja ya kurudia vya zamani. Hakuwa mtu wa kugombania jina. Ni mwaka 2018 tu ambapo umoja wa wanafalaki duniani ulipiga kura kupendekeza sheria ile iitwe ya Hubble na Lemaître.

Sasa linakuja lile lililomtisha mwanafunzi wangu. Kama wavu unafunguka, ukirudisha nyuma unakunjamana. Rudisha zaidi, unakunjamana zaidi. Mei 1931 Lemaître aliandika barua fupi katika jarida la Nature akipendekeza kuwa ulimwengu wote ulianza ukiwa kitu kimoja kidogo na kizito mno, ambacho alikiita atomu ya kwanza, na kwamba hata wakati na nafasi vilianza kuwa na maana baada ya atomu hiyo kuvunjika. Wengi hawakupenda. Eddington hakupenda wazo la kuwa na mwanzo. Wengine walinong'ona kwamba padri anaingiza kitabu cha Mwanzo kwa mlango wa nyuma. Mwingereza Fred Hoyle, aliyeamini ulimwengu hauna mwanzo, akizungumza redioni mwaka 1949 ndiye aliyeuita mlipuko mkubwa, jina ambalo limegoma kuondoka hadi leo.

Hapa ndipo napenda tumwangalie vizuri huyu padri. Novemba 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alihutubia chuo cha kipapa cha sayansi, akaeleza kwa furaha kwamba sayansi ya kisasa inaelekea kuthibitisha uumbaji. Mtu wa kawaida angedhani Lemaître atashangilia. Bosi wako mkuu kabisa amesimama mbele ya dunia na kuisifia kazi yako! Lemaître hakufurahi. Kwake, atomu ya kwanza ilikuwa nadharia ya fizikia, na nadharia ya fizikia inaweza kuvunjwa kesho na kipimo kimoja. Ukiitegemeza imani juu yake, siku ikivunjwa utakuwa umewafundisha watu kwamba na Mungu amevunjika. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kuwa alipita Roma mwaka uliofuata kulizungumza jambo hilo na mshauri wa Papa wa mambo ya sayansi. Septemba 1952 Papa alipowahutubia wanafalaki wa dunia waliokutana Roma, hakurudia tena dai lile.

Mtazamo wake ulikuwa rahisi. Kuna njia mbili za kuufikia ukweli, naye aliamua kuzifuata zote mbili. Biblia haikuandikwa kufundisha fizikia, na milinganyo haikuandikwa kufundisha wokovu. Asubuhi alisoma misa, mchana alifundisha na kukokotoa. Hakuona ugomvi, na pia hakukubali kuchanganya. Mpagani angeweza kuikubali atomu yake bila kubadili dini, na Mkristo angeweza kuikataa bila kutenda dhambi. Kilichokuwa na haki ya kuamua ni vipimo.

Na vipimo vilikuja. Mwaka 1964 na 1965 Wamarekani wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wanahangaika na antena yao kubwa ya redio kule New Jersey. Kulikuwa na mvumo usiokoma kutoka pande zote za anga, mchana na usiku. Walitafuta hitilafu kila mahali, wakafikia hadi kusafisha kinyesi cha njiwa. Mvumo ukabaki. Lilikuwa ni joto lililobakia kutoka enzi ulimwengu ulipokuwa mchanga na wa moto, sasa limepoa hadi kama nyuzi 270 chini ya sifuri. Nyumbani ukiamka alfajiri ukaligusa jiko la mkaa, unajua kama usiku lilipikiwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Lemaître hakuwa sahihi kwa yote. Alidhani mabaki ya mwanzo ni miale ya kosmiki inayoipiga dunia kutoka angani, kumbe siyo. Na ulimwengu haukuanza kama kiini kimoja cha atomu kinachopasuka. Lakini wazo kuu, kwamba kulikuwa na hali ya kwanza iliyosongamana na ya moto, lilisimama. Alikuwa hospitalini rafiki yake Odon Godart alipomletea habari za mvumo ule. Alifariki tarehe 20 Juni 1966, siku chache tu baadaye. Miaka minne na nusu mbele, Desemba 1970, satelaiti ya kwanza maalumu ya kupima miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya, siku ya sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo, ikaitwa Uhuru. Kwa hiyo asije mtu akatuambia mambo haya ni ya huko kwao.

Mfumuko je, na malimwengu mengi? Haya yalikuja baada ya Lemaître, lakini yameota kwenye shamba lake. Ule mvumo wa joto unalingana kila upande wa anga, tofauti ni kama sehemu moja kati ya laki moja. Hilo ni ajabu. Chukulia unasahihisha mitihani, ukakuta kijana wa Ukerewe na kijana wa Sengerema wameandika insha moja, neno kwa neno, hata makosa ni yaleyale. Utasema nini? Utasema hawa walikaa pamoja. Lakini pande mbili za anga ziko mbali kiasi kwamba, kwa hesabu ya mtanuko wa kawaida, hata mwanga haukuwa na muda wa kutoka upande mmoja kufika mwingine. Mwishoni mwa 1979 Mmarekani Alan Guth alipata wazo, akalichapisha 1981: zilikaa pamoja kweli, kisha zikatenganishwa ghafla. Katika sehemu ya sekunde ambayo ukiiandika kwa desimali utaweka sifuri zaidi ya 30 kabla ya kuifikia 1, nafasi ilifumuka kwa kasi ya kutisha. Huo ndio mfumuko.

Kinachosukuma mfumuko wa namna hiyo ni nishati iliyomo katika ombwe, yaani nafasi isiyo na kitu. Na hapa mzee wetu anarudi. Einstein alikuwa ameweka katika milinganyo yake namba moja ya ziada, kisha akaitupa. Lemaître alikataa kuitupa, na mwaka 1934 aliandika kuwa namba hiyo inaweza kueleweka kama nishati ya ombwe. Mwaka 1998 wapimaji wa nyota zinazolipuka waligundua kuwa mtanuko unazidi kuongeza kasi, na namba ile ikarudishwa mezani.

Miaka ya 1980 Alexander Vilenkin na Andrei Linde walionyesha kuwa mfumuko ukianza huenda usikome kila mahali kwa pamoja. Ni kama uji unaochemka: hapa povu linatokea, pale lingine, sufuria bado iko jikoni. Kila povu ni ulimwengu, na sisi tuko ndani ya mojawapo. Katika Kiswahili tukisema malimwengu tunamaanisha misukosuko ya dunia hii. Huenda siku moja tukahitaji neno hilo kwa maana yake ya wingi kabisa.

Lakini huenda. Hakuna aliyeyaona mapovu mengine. Hata mfumuko wenyewe, ingawa unaeleza mengi vizuri, bado unasubiri ushahidi wa kumaliza ubishi. Machi 2014 watafiti wenye darubini kule Ncha ya Kusini walitangaza kuwa wameona alama yake. Dunia nzima ikashangilia. Kabla mwaka haujatimia ikabainika kuwa kwa sehemu kubwa walikuwa wameona vumbi la galaksi yetu wenyewe. Wakakubali hadharani. Sioni aibu hapo. Aibu ingekuwa kuwaambia vijana wa kidato cha pili kwamba jambo limekwisha, ama kwa faida ya Mungu, ama dhidi yake.

Kwa hiyo yule aliyetengeneza ile video na yule aliyemtisha binti wanafanana kuliko wanavyojua. Wote wawili wameibebesha fizikia mzigo usio wake. Mmoja anaitumia kumfukuza Mungu, mwingine anaiogopa kwa niaba ya Mungu. Lemaître alikutana na watu wa aina zote mbili, tena wengine wakiwa wakubwa wake, na hakuacha hesabu wala misa.

Sisi tunaosomea ualimu tutakutana na swali hili mara nyingi. Vijana wetu wanatoka kanisani, msikitini, na kwa mabibi wanaosali alfajiri. Tukiwalazimisha kuchagua, wengi watachagua nyumbani kwao, na hawatakuwa wamekosea. Sisi ndio tutakuwa tumewanyima fizikia kwa uvivu wa kutoa maelezo.

Likizo hii narudi Igogo. Yule binti anakaa ng'ambo ya pili ya mawe, siyo mbali na kwetu, na mwezi wa kwanza anaingia kidato cha tatu. Nimeshamwomba mama yake ruhusa ya kukaa nao kibarazani jioni moja. Nitaanza kwa kumwomba radhi kwa jibu lile. Kisha nitamsimulia habari za padri, na nitabeba kipande cha wavu.